Beseni la Makaa la Dorca

Mtu akikuambia Dorca wa Manyatta ni mwendawazimu, mwambie anyamaze. Ndiyo, hamuuzii mtu makaa kabla ya kumuuliza kama nyumba yake ina dirisha. Ndiyo, la kwake aling'oa ubao, mvua inaingia. Mimi ni jirani yake tangu miaka ya themanini, najua.

Dorca ni mjane, na Mungu alimwachia Rosa tu. Mtoto mzuri, mwenye maneno mengi, lakini kifua! Pumu ilimkaba kila msimu wa mvua. Na mama anauza makaa, anapikia makaa, sasa utafanya nini? Kumlinda Rosa na hewa mbaya ndiyo ilikuwa kazi ya Dorca duniani.

Mwaka wa themanini na nane, mwalimu mmoja anaitwa Absalom akaja kufundisha kikundi chetu cha akina mama kanisani. Bwana msomi, shati jeupe. Akajaza chupa gesi ya kaboni dioksidi, ile tunayoitoa puani, akatia unga wa makaa, haraka akavalisha mdomo wa chupa puto. Akatikisa. Weee! Puto likavutwa ndani! Tukapiga makofi. Akasema makaa yana vitundu visivyoonekana, gesi inanata humo na kukaa.

"Makaa ni ghala la hewa chafu," akasema.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Elimu ni bahari, na yule alituchotea kikombe akaenda zake.

Dorca akaweka beseni la makaa chini ya kitanda cha Rosa. Harufu ya omena wangu, vile visamaki vikavu, iliyokuwa inapenya ukuta, ikaisha kabisa.

"Unaona, Mama Awuor?" akaniambia, anacheka. "Yanakula!"

Nikaona. Na mimi nikaweka langu.

Aprili mvua ikapiga. Asubuhi moja Dorca alikuwa anaenda Kombewa kuchukua magunia, na Rosa anatetemeka. Siku zote jiko lilikaa nje. Siku hiyo akaliingiza, limeshika vizuri, halina moshi hata kidogo. Akafunga dirisha baridi isimguse mtoto.

"Nyathina, mwanangu, usiogope," nilimsikia akimwambia. "Beseni liko."

Aliporudi mchana alimwita mlangoni, kimya. Tukaingia pamoja. Rosa alikuwa kitandani, ameshapoa. Mimi ndiye niliyefungua dirisha, kana kwamba lilikuwa na maana tena.

Mwalimu alikuja matangani, Katito, kwao marehemu mume wa Dorca. Akatoa pole, halafu eti: "Makaa yanashika kaboni dioksidi, na hata hiyo kidogo tu. Iliyomuua ni gesi nyingine ya jiko, monoksidi. Hiyo sikuizungumzia."

Hukuizungumzia! Mshenzi. Nilitamani kumrushia sufuria. Leo yuko ofisi kubwa ya elimu, ana gari.

Tulikuwa tunamngoja mjomba wa Rosa kutoka Mombasa ndipo tuzike. Akina mama wa boma, bila kujua lolote, wakafanya wanavyofanya siku zote maiti ikingoja: wakaleta beseni la makaa, wakalisukuma chini ya kitanda alicholazwa. Nilifikiri Dorca atalipiga teke. Aliliangalia tu.

Tukakaa pale hadi mjomba akafika, na nyumba haikunuka hata kidogo.

"Yanakula," Dorca akaniambia. "Si nilikuambia, Mama Awuor? Yanakula."