Damu ya Tumbo Tupu

Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilikuwa fundi wa maabara, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilitafuta njia ya kupima sukari na mafuta kwenye damu, njia ambayo ingetoa jibu lile lile leo na kesho. Bosi alinipa mwezi mmoja. Nikishindwa, nirudi kuosha chupa.

Nilihitaji damu ya watu ambao hawajala tangu jana yake, nikawaomba majirani zetu wa mtaa wa Jericho. Waliingia nyumbani kwa Mama asubuhi na mapema kwa mlango wa jikoni, wakaja sebuleni mmoja mmoja, nikawauliza kama wamekula. Wote walikana kwa uso mkavu, hata fundi cherehani, ambaye ni mzee wa kanisa.

Majibu yalikuwa kichekesho. Jumatatu sukari ya fundi cherehani ilikuwa ya mtu mwenye afya. Jumatano ilikuwa ya mtu wa kubebwa kwa machela. Nililaumu dawa za kupimia, nikalaumu umeme, nikaufungua mtambo wa maabara na kuufunga, nikabaki na skrubu mbili zisizo na kwao.

Asubuhi moja niliingia jikoni kutafuta kitambaa. Majirani sita, vikombe sita vya chai ya maziwa, na Mama akigawa mandazi.

"Mama! Hawa hawafai kula!"

"Na wewe huna haya? Mtu atolewe damu kwa nyumba yangu na njaa? Mimi ndiye niliwaambia wanyamaze. Wewe unapenda kelele."

"Jumatatu nilichelewa," fundi cherehani alinong'ona, "nikapata chai imeisha."

Tukapatana: damu kwanza, chai baadaye. Namba zikatulia. Asubuhi tatu, mtu yule yule, jibu lile lile. Nilitamba mtaa mzima.

Ndipo Mama akaninyooshea mkono. "Na mimi je? Ama yangu ni ya ng'ombe?"

Sukari yake ilikuwa juu mno. Nikasema amekula. Kesho yake nilimlinda mwenyewe tangu jioni, nikapima tena, na siku ya tatu pia. Namba zote tatu zilifanana.

Bosi alinipa mkono. "Hii sasa ni kazi," akasema. Nami nilikuwa naomba Mungu mtambo ule uwe mwongo.

Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza kama mashine yangu imepona. Nikamwambia imepona kabisa, kisha nikaketi karibu naye, nikitafuta jinsi ya kumwambia yaliyobaki.