Chai ya Rufaa

Harufu ya chai ya maziwa iliyolala hunirudisha nyumbani kwetu Mweiga, ambako ukungu ulishuka kutoka mlimani hadi mlangoni, ukakaa bila kukaribishwa.

Dada yangu Nyambura alikuwa na tundu moyoni. Ukiweka sikio mgongoni pake ulisikia mvumo, kama upepo chini ya mlango. Kucha zake zilikuwa za buluu, nami nilimtania kwamba ameiba wino wa mwalimu. Daktari wa Nyeri alisema apasuliwe, ila mpasuaji wa moyo yuko Nairobi. Basi kila jirani aliyeuliza hali, Mama alimjibu, "Bado tunangoja rufaa."

Mimi niliamini Rufaa ni mtu. Nilimwona kabisa: mrefu, mwenye koti, asiye na haraka. Nyambura alinicheka, kisha akaacha kucheka. Shosho, nyanya yetu, alikuwa na msemo wake kwamba mgeni akikuta flaski ya chai tupu hurudi alikotoka. Kwa hiyo kila jioni tulimwekea Rufaa kikombe dirishani, na kila asubuhi tulikikuta kimejaa, kina utando juu. "Subira huvuta heri," majirani walisema. Heri yetu, naona, ilikuwa nzito kuvutika.

Nyambura alipoanza kulala mchana kutwa, aliniambia akitazama dirisha, "Ako kwa geti. Haingii, anaogopa mbwa."

Hatukuwa na mbwa.

Asubuhi aliyofariki, kikombe kilikuwa kitupu. Hakikuwa kimemwagika, kwani kilisimama palepale na majani ya chai yamebaki chini.

Tulipotoka kumzika, simu ya Mama ililia. Alisikiliza, akakaa kwenye nyasi na nguo zake nzuri.

"Ati rufaa imepatikana," akamwambia Shosho. "Ati tumpeleke kesho."

"Alishakuja," nikasema. "Alikunywa chai."

Shosho akanishika mkono, akamwinua Mama kwa mwingine.

Nilipokua ndipo nikajua kwamba rufaa ilikuwa nafasi tu ya kitanda hospitalini Nairobi, na kwamba wenye uwezo hawakuingoja. Walimwendea mpasuaji wenyewe, watoto wao wakarudi shule. Hasira hiyo sijaimaliza.

Kuhusu kikombe, nimeuliza kila mtu wa nyumba ile, na kila mmoja amekana. Nyambura hakuwa na nguvu za kufika dirishani. Mpaka leo mtu akiniambia anangoja rufaa, kabla ya kumpa pole, mimi huchungulia geti lake.