Salamu Nilizozitunga

Nilizaliwa katika nchi ambayo haipo tena, nikasomea sheria katika nchi nyingine ambayo nayo haipo tena, kwa hiyo mtu akiniambia kuwa nachanganya mambo huwa sibishi. Ya kwanza ni Unguja ya kabla ya mapinduzi, nilipokuwa mtoto wa kubebwa. Ya pili ni Muungano wa Kisovieti. Shahada yangu niliipata Kharkiv, na ina mhuri wa dola ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni. Zamani mtu akiniuliza Kharkiv iko nchi gani nilijibu bila kufikiri. Siku hizi kwanza namtazama usoni.

Bwenini tulikaa watatu chumba kimoja. Mmoja alitoka kijiji cha karibu na mji ule, upande wa Ukraine. Wa pili alitoka upande wa Urusi. Wakati ule sikujua kwamba kuna pande. Kwangu mimi wote walikuwa Warusi, nikiwaita hivyo kutwa kucha, na yule aliyekuwa akiumia kwa kuitwa hivyo hakuniambia mpaka miaka arobaini baadaye. Yeye ndiye aliyeninunulia sufuria yangu peke yangu, isiyoingia nguruwe, na akamtukana kila aliyeigusa. Mwenzake ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili mbili na kunikaririsha sheria ya mirathi mpaka nikafaulu. Nitawaita kwa kazi walizokuja kuzifanya: wa Ukraine ni Wakili, wa Urusi ni Jaji.

Mimi sikuwa wakili wala jaji. Niliwafuata wazee wangu Oman, nikaolewa katika mji wa Ibra, na mpaka nilipostaafu kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za kamati ya suluhu. Majirani wakigombana, kabla hawajafika kwa hakimu huketishwa kwanza, wakapewa tende na kahawa, na kamati ikawasikiliza mmoja mmoja. Mwenyekiti wetu alikuwa na mbinu yake. Akitoka kwa huyu akaingia kwa yule, humwambia, "Mwenzio anakusalimu sana." Hakuna aliyemsalimu mtu. Lakini nimewaona kwa macho yangu watu waliogombea zamu ya maji ya falaj, ule mfereji unaonywesha mitende yetu, wakalegea kwa salamu ambayo haikutoka kinywani mwa yeyote. Tumefundishwa kwamba anayesuluhisha watu hahesabiwi kuwa muongo. Tena sisi wa Unguja tumelelewa humohumo: ukitoka Sur kwa shangazi, hata kama amekununia siku mbili, ukifika nyumbani unasema shangazi anawasalimuni.

Vita vilipoanza kati ya nchi zao, Jaji na Wakili waliacha kusemezana. Mimi kila mmoja alinipigia peke yake. Nilijaribu kuelewa na sikuelewa. Wakili alianza kuniandikia Kikraine, lugha ambayo naielewa nusu, halafu ananionea huruma na kurudia kwa Kirusi, na nikihisi kabisa kwamba kila neno la Kirusi linamchoma. Jaji naye, ambaye nilimjua kuwa hawezi kuua mende, alinieleza kwamba nchi yake ilikuwa imebanwa pembeni, na kwamba siasa yeye haijui. Nikikata simu ya huyu namwona ana haki ya kulia. Nikikata ya yule siwezi kumchukia. Niliwahi kuandika mtihani mzima juu ya haki ya kila taifa kujiamulia mambo yake, na wote wawili walikaa safu moja nami, tukaandika majibu yaleyale.

Mume wangu alinionya mapema. "Mke wangu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime."

"Na wakipatana?"

"Chukua kapu ukavune. Lakini wewe huna jembe wala kapu, una simu tu. Waache mashoga zako."

Sikuwaacha. Siku moja Jaji aliniuliza kwa sauti ndogo kama mwenzetu bado anamtaja. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Anakusalimu." Nikasikia pumzi yake upande wa pili. Wiki ile ile nikamwambia Wakili kwamba Jaji anamsalimu, naye akanyamaza, na kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ni kulegea. Nikaendelea hivyo mwaka na zaidi, huku salamu, kule salamu, na nikajiona nafanya kazi kubwa kuliko mabalozi.

Kisha mtoto wa Wakili akapotea. Ni mtoto wake wa pekee, daktari wa meno, aliyeingia jeshini kama wenzake. Kikosi chake kilirudi bila yeye. Karatasi ya serikali ilisema hajulikani alipo, basi. Wakili alinipigia, na kwa mara ya kwanza hakulalamika wala hakufoka.

"Yule mwenzetu alikuwa jaji," aliniambia. "Wafungwa wengine wa vita wanapelekwa mahakamani kwao. Huenda anamjua mtu anayeona majina. Mimi simwombi. Muombe wewe, kama jambo lako."

Jaji alikuwa anakuja Oman siku hizo hizo. Warusi siku hizi wanakuja wengi kipindi cha baridi, na kundi lake lilifikia kambi moja ya jangwani nje kidogo ya Al Mintirib. Binti yangu alinipeleka kwa gari, akinung'unika kwa Kiswahili chake cha mkato, "Mama, mchanga hii itaharibu gari yangu," na mimi sikumsahihisha, akili haikuwa hapo. Nilibeba halwa na birika la kahawa. Sikuwa nimemwona Jaji tangu tulipokuwa wasichana. Nywele nyeupe, goti baya, kicheko kilekile.

Adabu yetu haimruhusu mtu kumvamia mgeni kwa shida zake. Nikamimina kahawa, nikauliza habari ya safari, ya goti, ya wajukuu. Mtoto wa watu hajulikani kama yu hai au amekufa, na mimi nauliza habari ya goti. Naye akanieleza maisha yake ya mahakamani. Muungano ulipovunjika, aliniambia, walipewa mageuzi: hakimu asiondolewe ovyo, wananchi waketi kama baraza la kuamua kesi. Aliwapenda wale wananchi, walikuwa wakiuliza maswali ambayo mawakili waliona haya kuyauliza. Halafu yakaja marekebisho, na marekebisho ya marekebisho, baraza likapunguzwa watu, likapunguziwa na kesi. "Kila karatasi mpya ilisema nina uhuru zaidi," alisema, "na kila karatasi mpya ilinikuta naogopa zaidi. Kumwachia mtu huru likawa jambo la kujieleza. Nikastaafu mapema kwa sababu ya goti." Alinitazama. "Goti halikuwa baya kiasi hicho."

Sikujua nimhurumie au nimuulize aliwafunga wangapi. Nikamimina tena kahawa.

Hatimaye nilimweleza habari ya mtoto. Alitua kikombe. Akasema yupo karani mmoja wa zamani, atamuuliza, lakini kwa mdomo tu, hakuna maandishi, maana yule karani akijulikana atafungwa yeye. Kisha akaniuliza, "Ananichukia?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema sijui. "Akuchukie wewe?" nikamwambia. "Anakusalimu, na kasema nikubusu." Nikambusu mashavu yote mawili. Akalia, na mimi nikalia, binti yangu akaenda kukaa garini.

Asubuhi yake Jaji, akiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa, alimwandikia Wakili moja kwa moja. Akampelekea picha yake juu ya tuta la mchanga na maneno haya: busu lako nimelipata. Hayo aliyaandika kwa mama ambaye hajui mwanawe amelala wapi.

Wakili alimfungia namba, kisha akanipigia. Sikumsikia akipiga kelele, na ingekuwa nafuu. "Nilimsalimu lini?" aliuliza. Nikajieleza: desturi yetu, kamati, mwenyekiti, majirani wa falaj. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi sikugombana na jirani juu ya maji," alisema. "Umenisemea kwa watu waliokuwa wakibomoa mtaa wangu. Umewaambia nawabusu." Nilitaka kusema ni mtu mmoja tu, si watu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu utotoni, na papo hapo, Mungu anisamehe, nilihisi kuonewa.

Wiki kadhaa zikapita bila neno. Ndipo Jaji, aliyekwisha kurudi kwao, akanipigia. Alisema maneno machache kama anasoma hukumu. Kijana yu hai. Yumo mahabusu katika mji mmoja wa kusini, anangoja kesi, jina lake na la baba yake yanalingana, na mwaka wa kuzaliwa pia. Hakuna karatasi. Kuna neno lake tu, naye amenipa mimi.

Nilimwandikia Wakili: mwanao yu hai, yuko mahabusu, amepatikana jina. Alama zikaonyesha amesoma. Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

"Na hii nayo ni salamu?"

Nilikaa na simu mapajani. Nikaanza kuandika wallahi, nikalifuta, kwa sababu hata zile salamu nilikuwa nikizitia kiapo. Habari ya maana kuliko zote nilizowahi kubeba ilikuwa mkononi mwangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiharibia njia. Mwishoni niliandika: salamu zote nilizitunga mimi, kila moja, zake kwako na zako kwake. Hili la mwanao sikulitunga.

Kesho yake akajibu. "Nimemfungulia namba. Mwambie apige, nimsikie sauti. Yule hajawahi kujua kusema uongo, hata kwenye mtihani. Namwamini yeye kuliko wewe."

Nikampelekea Jaji ujumbe: piga. Nilikuwa jikoni, nikaendelea kuchagua mchele, nikajikuta naokota mchele na kuacha mawe. Walichozungumza sikukijua papo hapo. Wakili alinipigia alasiri, akasema tu kwamba amemsikia, na sikuwa na uso wa kuuliza zaidi.

Jioni Jaji alinipigia. Sauti ilikuwa imemkauka. Alisema amemwambia yote aliyoyajua, mara tatu, na kwamba Wakili alikuwa akimuuliza maswali kama yuko kizimbani, kisha akakata simu bila kuaga. Yeye Jaji hakukata. Nikajua anachokitafuta, maana nilimzoesha mwenyewe.

"Baada ya hapo amekupigia wewe?" aliniuliza. "Hakunisalimu?"

"Amenipigia," nikamwambia. "Hakukusalimu."