Kadi Isiyo na Tundu la Ekrani

Nawashirikisha aibu hii kabla majirani wa mtaa wetu wa Mutakura hawajawafikishia ya kwao. Mimi nauza vipuri vya kompyuta, na nahesabu kila kitu mara mbili. Madame Josiane, mwalimu wa chuo kikuu, aliniagiza kadi ya kuharakisha hesabu, wanafunzi wake wapige makadirio ya maji ya ziwa yanayopanda kwenye nyumba za watu. Aliichangishia pesa mwaka mzima. Shemeji yangu aliipata Dubai, akaituma.

Nikaifungua mbele ya wateja. Nikatafuta tundu la kuchomeka waya wa ekrani, kile kioo cha kompyuta: sifuri. Nikahesabu tena: sifuri. Hata feni haina! Nikampigia shemeji.

"Shemeji, umenitumia kitu imezibwa!"

"Apana, ilitoka vile fabriki, kwenye waliitengeneza."

"We, mi si mutoto!"

Nikakata simu, nikachukua drili kulizibua tundu mwenyewe. Ncha ilikuwa imeanza kukwaruza bati Madame alipoingia, akachomoa waya wa umeme ukutani.

"Papa Kevin, unataka kuniua? Hii haitoi picha, inapiga hesabu tu! Ekrani inachomekwa kwa mashine yenyewe, na feni ziko mu sanduku ya mashine."

Duka zima likacheka. Mungu ambariki mama yule, kadi ilipona. Nilimshukuru mara mbili. Akanilipa yote bila kuomba punguzo, akaitia kadi mkobani, na mbele ya wateja wangu wote akaondoka na drili pia.

"Hii nitakurudishia," akasema, "wakati kadi itawaka."