Zamu ya Alhamisi

Kwa wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya dirisha. Najua ni jambo la kuchekesha, na ungekuwa hapa ungenicheka, lakini ndivyo nilivyo. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, Kawangware, hatua chache kutoka steji ya matatu ya 56. Dirisha lenyewe ni kubwa, halina shida. Shida ni kile linachotazama. Ukilifungua unakutana na ukuta wa jengo la jirani, karibu sana hata naweza kuugusa bila kunyoosha mkono wote. Ukitoa kichwa nje na kutazama juu unapata kipande cha anga chembamba kama mkanda wa suruali. Nilikuwa najiuliza kama mama yangu anaweza kuishi na mkanda huo.

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikielekea kazini. Mwenye ploti anayoishi kule Kibera, upande wa Soweto East, alikuwa ametangaza kwamba anabomoa vyumba vyake vya mabati ajenge ghorofa, na wapangaji wote wahame kabla ya mwezi kuisha. Kaka yangu aliyeko Vihiga alishaamua kwamba Mama arudi nyumbani. Mama hakutaka. Ana watu wake anaowafulia nguo, ana kanisa lake, na amekaa Nairobi miaka mingi kuliko aliyokaa kwao. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Naweza kuja kukaa na wewe?"

Nikamjibu, "Ngoja nifikirie, Mama."

Mtu mwingine angesema ndiyo kabla hajavuka barabara. Mimi nina digrii ya takwimu, na kwa sasa inanisaidia kuwajazia watu fomu katika saiba, duka moja la kompyuta na intaneti hapa mtaani. Nilichora jedwali. Upande mmoja faida, upande wa pili hasara. Ngazi ndefu, magoti yake. Kitanda kimoja. Majirani wasiosalimiana. Keateka, msimamizi wa jengo, anayefunga mlango wa kwenda juu ya paa kwa kufuli tangu shuka la mtu lilipoibwa kwenye kamba. Lakini kila nilipofika kwenye dirisha, kalamu ilisimama. Ili unielewe, lazima nikueleze ile ploti ilivyokuwa.

Ilikuwa na milango saba chini ya paa moja refu, na paa lenyewe lilikuwa na gata moja tu, bati la kukinga maji ya mvua, lililokunjwa na kupigiliwa misumari na mzee fundi viatu wa mlango wa kwanza. Kabla ya gata, mvua ikinyesha kila mwanamke alikimbia na beseni lake, na mara moja wawili walimwagiana maji hadi wakaacha kuongea mwaka mzima. Fundi viatu ndiye aliyetoa sheria. Kila mlango uwe na siku yake ya wiki. Mvua ikinyesha siku yako, maji yote ya gata ni yako, na hakuna atakayesogeza hata kikombe. Lakini jioni ya siku hiyo unawapikia chai watu wa milango yote saba.

Haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Kumbuka kwamba siku nyingine zote maji yalikuwa ya kununua kwa mtungi kule bondeni na kupandisha mgongoni. Kwa hiyo mvua ilipoangukia siku ya mtu, ilikuwa kama ameshinda kitu, na aliyeshinda anawakaribisha wenzake. Siku yetu ilikuwa Alhamisi.

Mimi ndiye niliyekuwa mtazamaji wa mawingu. Hakuna aliyenituma, nilipenda tu. Nikitoka shule nilikaa kizingitini nikitazama juu ya mapaa yenye kutu, hadi upande wa vilima vya Ngong. Nilijua vilima vikipotea mchana, kuna kitu kinakuja. Nilijua zile ndege ndogo zinazotua uwanja wa Wilson zikisikika bila kuonekana, mawingu yameshuka. Nilijua harufu ya vumbi kabla ya tone la kwanza, na mabati yakipoa ghafla na kulia ta, ta, ta kama mtu anayevunja vidole. Julai ilinichosha, maana anga lilikaa kama kifuniko cha sufuria, mvua hakuna na jua hakuna. Majirani wakanibandika jina la Redio.

"Redio, leo inasemaje?" alizoea kuniuliza jirani wa mlango wa sita, mama mmoja mnene aliyeuza dagaa wa omena na kucheka kwa mwili mzima.

"Sahii jua. Jioni sijui."

"Hiyo sijui ndiyo tunataka kujua, bwana. Jua hata mimi naliona."

Jioni za chai ndizo ninazozikosa hadi nakasirika. Sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, tangawizi iliyopondwa kwa jiwe, maziwa kama yapo, na kama hayapo ni turungi na hakuna anayelalamika. Kila mtu alikuja na kikombe chake. Sukari ilitiwa mbele ya macho ya watu wote ili asitokee wa kusema umebana. Kama mvua bado ilinyesha tulijazana ndani ya chumba chetu kimoja, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na kelele za mabati zilikuwa kubwa hivi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake. Watu waliongea kwa mikono. Fundi viatu aliweza kusimulia kisa kizima kwa mikono tu, na tulicheka hadi machozi bila kujua kisa chenyewe ni kipi.

Msimu wa mvua za kwanza kumbikumbi walitoka ardhini kando ya reli, nasi watoto tukawafuata na makarai. Mama wa mlango wa sita aliwakaanga kwa chumvi. Jioni moja mwenye ploti alikuja kudai kodi, akatukuta tumeketi.

"Karibu, mzee, onja," mama wa omena akamwambia.

"Mimi wadudu hapana."

"Onja mmoja tu. Ukifa, hatutalipa kodi, kila mtu anafaidika."

Akaonja mmoja. Akakaa. Aliondoka na mfuko wa karatasi umejaa kumbikumbi, na suala la kodi likasubiri wiki iliyofuata.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Nilikuwa na miaka kama kumi, na mvua ilikuwa imetukwepa Alhamisi nyingi mfululizo. Jumatano ilinyesha, Ijumaa ilinyesha, Alhamisi tukaachwa. Majirani walitutania. "Hawa wa Alhamisi wana mganga," walisema, "wanaficha majani ya chai." Kisha ikaja Alhamisi moja ambayo Ngong ilikuwa nyeusi tangu saa nane. Mama alikuwa na marobota mawili ya nguo za nyumba moja ya Kileleshwa, na pesa ya maji mkononi. Akanitazama.

"Itanyesha?"

"Itanyesha."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Mama."

Akaloweka nguo zote kwa maji ya mwisho tuliyokuwa nayo, akazisugua kwa sabuni, akaacha kazi ya kusuuza iwe ya mvua. Mvua ilinyesha kweli. Tuliiona. Ilishuka upande wa Lang'ata kama pazia la kijivu, tukasikia hata ubaridi wake, na juu yetu halikuanguka tone. Mama alipochukua mitungi na kushuka bondeni alikuta maji yamekatika. Nguo zilikauka na sabuni yake, zikawa na michirizi myeupe, na wale watu wa Kileleshwa hawakumwita tena. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu kwamba nina uhakika wa kitu chochote. Hata mtihani wa mwisho chuoni nilifuta jibu sahihi mara mbili.

Sasa nimekueleza, na unaweza kuona nilivyofika kwenye jedwali. Nilitaka safari hii nisikosee. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akitazama mawingu mlangoni, nimlete kwenye ukuta? Nilimwona akikaa kitandani kwangu mchana kutwa, amekunja mikono, akiniomba nisome kwenye simu kama kutanyesha. Na simu yenyewe huniudhi. Inasema mvua, nabeba mwavuli, jua linachoma. Inasema jua, narudi nimelowa. Na ikinyesha nikiwa ndani sisikii chochote, maana juu yangu kuna zege na juu ya zege kuna watu wengine. Mara ngapi nimetoka asubuhi nikakuta matope na sikujua kumbe usiku mzima ilinyesha.

Jumamosi nilienda Kibera kumweleza haya yote ana kwa ana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilimkuta amefunga vitu vyake kwa kamba na shuka, chumba kimebaki na kitanda na yeye.

"Mbona umefunga mapema hivi?" nikamuuliza.

"Kaka yako amekata tiketi. Jumatatu asubuhi."

"Lakini ulisema hutaki kurudi."

"Sitaki. Lakini nilikuuliza, ukasema unafikiria." Alikuwa anaongea akikaza fundo, hanitazami. "Mtu akifikiria wiki tatu, huyo amekataa. Anatafuta tu maneno mazuri. Sikutaka kukusumbua uyatafute."

Nilitaka kulia, lakini kwanza nilijieleza, kama kawaida yangu. Nikamweleza dirisha. Nikamweleza ukuta, mkanda wa anga, kufuli la keateka, zege. Nikamkumbusha gata na chai na Alhamisi zetu. Alisimama na kamba mkononi, akanisikiliza hadi mwisho.

"Dirisha," akasema.

"Eeh."

"Umeninyima usingizi wiki tatu kwa sababu ya dirisha." Akaketi kitandani. "Hebu niambie. Huko kwako mfereji uko ndani ya nyumba?"

"Uko ndani. Lakini maji huja Jumanne na Ijumaa tu."

"Ndani kabisa? Nafungua nikiwa nimesimama jikoni?"

"Ndani kabisa."

"Na wewe umekaa huko unaniwazia mawingu." Akatikisa kichwa. "Umesoma mpaka umeharibika, mtoto wangu. Wewe ndiye ulikuwa unaangalia juu. Mimi nilikuwa naangalia mtungi kama umejaa."

"Na chai, Mama? Hukuipenda?"

"Chai ilikuwa tamu siku za wengine. Nakaa, naletewa. Siku yetu nani alikuwa anaosha sufuria? Fundi viatu?"

Nilikaa kando yake nikiwa na hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nani. Pengine ilikuwa ya ile ploti, kwa kunifanya niamini kwamba sote tulikuwa tukiishi jioni moja ileile. Nje, milango sita ilikuwa imeng'olewa tayari na kuegemezwa ukutani. Fundi viatu alishakufa. Mama wa omena yuko kwa binti yake, nasikia miguu haimbebi. Gata haipo, labda imeuzwa kwa kilo na vyuma vingine. Jumatatu nyingine ploti hii itakuwa shimo la msingi, na atakayekumbuka kwamba watu walicheka hapa kwa kisa wasichokisikia ni mimi, na ninakumbuka nusu yake tu, nusu ya mtoto ambaye hakuosha sufuria.

Nikatoa simu nikampigia kaka yangu, Mama akiwa ananitazama.

"Mama haji Jumatatu," nikamwambia. "Anakuja kwangu."

"Kwako wapi? Kile kibanda cha kuku?"

"Hicho hicho."

"Na umefikiria vizuri? Usije ukanipigia mwezi ujao."

"Rudisha tiketi," nikasema, nikakata. Nikapiga simu nyingine, kwa kijana mwenye pikapu anayebeba mizigo pale 56, nikamwomba aje sasa hivi, nikamweleza njia mara mbili.

Alipofika na kusimama barabarani, marobota yalitoka haraka. Kitanda kikakwama mlangoni. Mama alishika upande wa kichwani, mimi wa miguuni, na nikaanza kupima kwa macho kama tukipitishe kwa ubavu au tukifungue kwanza, na kama tutakifungua, spana tutaipata wapi saa hizi.

"Inua," Mama akasema. "Usifikirie, inua."

Nikainua.