Kazi ya Mama Kwenye Daftari la Kiingereza

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule, hapa mtaani kwetu Mabawa, na insha ya Kiingereza imetiwa tiki kubwa: "My mother is a housewife." Mama wa nyumbani! Mimi ninayekaanga samaki wa kuuza tangu alfajiri! Nilishavaa kanda mbili nikagombane na mwalimu. Nikakaa. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha kwanza, kwetu pwani ya Pangani. Mama alilima mwani. Maji ya bahari yakitoka anashuka na wenzake, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kwa vigingi. Akirudi, kanga imekakamaa kwa chumvi. Mwani tunauanika uani, na wingu likitanda sisi watoto tunakimbia kuuanua. Sare yangu ilitoka humo.

Mwalimu wa Kiingereza aliandika sentensi ubaoni, hiyo ya mama ikiwemo, tunakili. Nikauliza mkulima wa mwani anaandikwaje. "Nakili kilichopo," akasema, darasa likacheka. Nikanakili. Nikapata zote.

Nyumbani mama akalishika daftari kwa ncha za vidole. "Nisomee basi. Umeniandikaje?"

"Nimeandika mama yangu analima mwani."

Alifurahi, we acha tu. Akalipeleka kwa jirani, aliyewahi kufua mashuka kwenye hoteli ya wazungu kule ufukweni Ushongo na Kiingereza kidogo anacho. Nikasikia kicheko kupitia ua. "Shoga, huna kazi wewe! Umeandikwa umekaa tu kwa mumeo. Na huyo mume yuko wapi?"

Mama hakunipiga. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba. Bahari inanihusu nini? Mie si mama wa nyumbani?" Kisha akabeba kamba zake akashuka. Miaka mingi alilirudia hilo, anacheka. Mimi sikuwahi kucheka, wala sikuwahi kumwomba radhi.

Siku hizi wanasema maji yamekuwa ya moto, mwani unaoza kwenye kamba, wanawake wengi wameacha. Mama naye ametangulia. Mara ya mwisho nilipokwenda, palipokuwa na shamba lake hapana hata kigingi. Picha hakupigwa, cheti hakupewa. Mara moja tu katika maisha yake kazi yake ilitakiwa kuandikwa, mwenye kalamu nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekula jasho lake asubuhi ileile.