Koo la Mashine ya Chai

Ukimwona Mzee Vidole akisuka kiti, utaapa kwamba anaona. Haoni. Surua ilimzimia macho angali mtoto wa kubebwa, na tangu hapo mikono yake ndiyo inayomsomea dunia. Anasuka viti vya henzirani: anapenyeza uzi tunduni, anauvuta, anaukaza, anahamia tundu la pili, na muda wote huo mdomo wake haupumziki. Atakuuliza habari za mkweo, atakutania kuhusu viatu vyako vinavyolia, na huku kiti kinajaa. Mtaa mzima umeshasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Basi mtu huyu siku moja alikanyaga msumari na hakujua. Mkewe ndiye aliyeona damu sakafuni, akafuata matone kutoka jikoni mpaka karakana, akamkuta bwana ameketi anasuka na kuimba. "Wewe! Mguu huo!" akapiga kelele. Mzee Vidole akauliza, mguu upi?

Kumbe ni sukari. Hospitali walimwambia imeanza kula hisia za miguu. Kila Jumatatu na Alhamisi akawa anakwenda kusafishwa kidonda, na siku ya kwanza tu daktari, mama mmoja mpole wa sauti, alichukua uzi mgumu wa plastiki akawa anamchoma nao nyayoni. "Unasikia hapa? Na hapa?" Mzee hakusikia popote. Kisha daktari akasema, "Haya, tuangalie na vidole vya mikono." Hapo ndipo Mzee Vidole alipokumbuka ghafla kwamba ana haraka. Siku nyingine, daktari. Leo nina mgeni nyumbani. Alhamisi akawa na mgeni tena, na Jumatatu iliyofuata sijui nani alikuwa na harusi. Nakuambia mtu huyu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Miguu haimlishi. Lakini vidole vikifa, amekwisha.

Sasa katika ukumbi wa kungojea, karibu na dirisha la dawa, palikuwa na mashine ya chai. Unatia sarafu, unabonyeza, kikombe kinadondoka, chai inamiminika, na chenji yako inaanguka kwenye kibakuli cha chini. Mzee Vidole aliipenda mashine ile kama watu wanavyopenda redio. Alikuwa akiegemeza sikio ubavuni mwake kusikiliza sarafu inavyoteremka: inabingirika, inasita, inakatika mlio, halafu inaangukia mahali. Inasita wapi? Na inajuaje hii ni ya kumi na ile ni ya ishirini? Aliwauliza wauguzi, wakacheka tu.

Alikuwa na mtindo wake wa kununua. Chai ni kumi na tano, na nauli ya kurudi nyumbani ni kumi. Basi alikuwa akitia ya ishirini, anaongeza ya tano, mashine inamrudishia ya kumi moja safi, na hiyo ndiyo anayompa kondakta. Hakuna kuhesabu vichele mlangoni mwa basi huku watu wanakusukuma. Ya tano anaijua kwa ukingo wake laini, ya kumi ina meno pembeni, ya ishirini ni nene. Hajawahi kukosea, na alikuwa akijisifu hivyo hadharani.

Jumatatu ile mwanawe, fundi simu, alikuwa amemsindikiza. Mzee akatia ya ishirini, akatia ya tano, akabonyeza. Chai ikaja. Akaingiza mkono kibakulini, akatoa sarafu, akaipapasa ukingo.

"Hii ya tano," akasema. "Imenipunja!"

Mwanawe akaja kutazama. "Ni ya tano, kweli. Ulitia ngapi, Baba?"

"Ishirini na tano, kama siku zote."

"Ungetia ishirini na tano ungepata kumi. Umetia kumi mbili."

"Nimetia ishirini na tano!"

"Baba." Kijana akashusha sauti, na ile kushusha sauti ndiyo iliyomuuma mzee. "Mashine haina usingizi wala haina njaa. Haiwezi kukosea hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza."

Mzee Vidole akapapasa tundu la kutilia sarafu. Ushahidi wenyewe ulikuwa umeshamezwa. Sarafu mbili zimeingia kooni, nani azitoe kusema ni zipi? Akarudisha kumbukumbu mfukoni mwake: ile ya kwanza ilikuwa nene kweli? Ile ya pili ilikuwa laini? Kadiri alivyozidi kufikiri ndivyo alivyozidi kutokuwa na hakika. Chai ikapoa mkononi.

Jioni ile mwanawe akafunga karakana akatia ufunguo mfukoni. Hakufanya kwa ubaya. Alisema kuna sindano mle, kuna kisu cha kuchongea, kuna misumari, na mtu asiyesikia ataokotwa siku moja akiwa amekauka damu. "Ngojea kwanza tujue hali yako," alisema. Mzee akalala akisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, akipapasa, akipapasa, mpaka hakujua tena kama anasikia ngozi au anajidanganya.

Alhamisi alikwenda na jambo moja tu kichwani. Alipomaliza kufungwa kidonda, na baada ya kumkwepa daktari kwa kisingizio kipya, alijikalisha benchi lililo karibu na mashine akangoja. Mwanawe alikaa pembeni na simu zake. Mwisho ikasikika sauti ya funguo nyingi, na mlango wa bati wa mashine ukafunguliwa.

"Mwanangu," akasema mzee, "wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mimi naijaza tu, babu," akajibu mwenye funguo, mama wa mashine. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekimbia ngazi. "Majani, sukari, vikombe, na chenji. Imekula pesa yako na wewe? Wiki hii watu watatu wamenipigia simu, nikadhani wanatafuta chai ya bure."

Mzee akaruka kutoka benchini kama kijana. Watatu! Lakini akajizuia, akaanza na swali lililokuwa likimkera tangu mwanzo. "Hebu niambie kwanza. Inajuaje?"

"Inajuaje nini?"

"Sarafu. Ina macho?"

Mama wa mashine akacheka, akamshika mkono, akampeleka ndani ya mlango. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamwekea kidole juu ya tundu la kutilia. "Inaingilia hapa. Hapa ni mteremko, shuka nao taratibu. Sasa hapa pembeni, unasikia vidude hivi vya duara? Ndani yake kuna waya uliozungushwa zunguzungu, una umeme. Sarafu ikipita, madini yake yanautikisa ule umeme. Ya shaba inautikisa hivi, ya chuma vile, nene hivi, nyembamba vile. Mashine inalinganisha na zile ilizofundishwa. Ikilingana, mlango mdogo unafunguka, inapita. Isipolingana, unasikia tu kwaa, kibakulini. Hata ukiipa kifungo cha koti."

"Kwa hiyo haioni."

"Haioni kitu."

"Inapapasa!" Mzee Vidole akapiga paja. "Looo! Kipofu mwenzangu! Na mimi siku zote naiamkia nikidhani naongea na mwenye macho!" Watu wa foleni ya dawa wakageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alicheka mpaka akakohoa.

Mama wa mashine akanogewa, akampeleka mbele zaidi. Baada ya mlango mdogo kulikuwa na mirija iliyosimama wima, mmoja wa za tano, mmoja wa za kumi, mmoja wa za ishirini, sarafu zimelala humo moja juu ya nyingine. Mrija ukijaa, zinazozidi zinaangukia sanduku la chini. Chenji inatoka kwa chini: kijibati kinasukuma ile ya mwisho kabisa, inadondoka. Mrija ukikauka inawaka taa ya kuwaambia watu watie kiasi kamili.

"Na ikiisukuma, inaipapasa tena kuona ni ya ngapi?"

"Ya nini? Ikitaka kumi inasukuma kwenye mrija wa kumi. Zilishapimwa juu."

"Zote?"

"Zote," akasema, halafu akaushika mfuko wake wa chenji. "Isipokuwa ninazotia mimi."

"Wewe unazitiaje?"

"Tunatakiwa tuzipitishe tunduni moja moja, zipimwe," akaendelea, sasa pole pole. "Lakini babu, nina mashine nyingi na pikipiki inaningoja nje. Nafunua mrija juu, namwagia kutoka mfukoni. Wote tunafanya hivyo."

"Kwa hiyo anayepita kooni anapekuliwa, na anayeingia na wewe hapekuliwi."

"Ndiyo hivyo."

"Utoe mrija wa kumi, mwanangu."

Alipouchomoa, mwana wa Mzee Vidole alikuwa ameshasimama nyuma yao, simu zimeachwa benchini. Mama akatandika kanga yake juu ya benchi, akamwaga sarafu zote. Mzee akakaa. Akaanza na mkono wa kulia: anaokota, anazungusha ukingo kwenye kidole gumba, anaweka. Ya kumi. Ya kumi. Ya kumi. "Huyu hapa!" akapaza sauti. "Laini! Ya tano!"

"Ya tano," akasema mama wa mashine, na sauti yake ilikuwa na aibu. "Jumamosi mifuko ilichanganyika. Yarabi, ni mimi."

Basi mzee akapanda mori. Akajitia ufundi, akatumia mikono yote miwili kwa pamoja, kila mkono na fungu lake la za kumi, huku anatania, huku anaimba, kama yuko karakana kwake. Akatoa ya tano nyingine, na nyingine, akamtupia mwanawe moja kifuani. "Mashine haina njaa, eeh? Shika na hiyo!"

Kijana aliidaka. "Baba, nisamehe," akasema. "Ulitia ishirini na tano. Nilikusingizia." Akachukua ufunguo wa karakana mfukoni akamwekea kiganjani.

Furaha aliyokuwa nayo mzee yule, mimi siwezi kuieleza.

Mama wa mashine akasema sasa atazirudisha kwa njia ya halali, kupitia kooni, zile za kumi zilizochambuliwa. Akaurudisha mrija, akaanza kutia moja moja, na mzee akaegemeza sikio mahali pake pa siku zote, sasa akijua kila kinachopita. Mteremko. Waya. Mlango. Halafu mlio mzito, upande wa kushoto, mrija wa kumi. Tena mzito, kushoto. Tena. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Halafu moja ikaanguka kulia, kwa mlio mwembamba.

Mama wa mashine akasita. Mwana wa mzee akatazama sakafu. Wangeweza kulimeza jambo lile pale pale likaisha, maana ukumbi ulikuwa na kelele.

"Hiyo ni ya tano," akasema Mzee Vidole.

"Labda mashine imekosea, babu."

"Hiyo imepita kooni, mwanangu. Imepapaswa." Akauondoa mkono wake ubavuni mwa mashine. "Ilikuwa kwenye fungu la mkono wa kushoto, sivyo?"

"La kushoto," mwanawe akajibu kwa shida.

Ufunguo ulikuwa bado kwenye kiganja chake cha kushoto. Akausugua kwa vidole vya mkono ule, akasugua meno ya ufunguo kwa muda mrefu. Kisha akauhamishia kulia, akaupapasa mara moja tu, akautia mfukoni.

Hakutaka kushikwa mkono. Akapita dirisha la dawa, akapita benchi, akiugusa ukuta kwa mkono wa kulia mpaka akaufikia mlango wa daktari, akabisha.

"Mzee? Si ulikuwa na haraka leo? Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa, daktari. Nilikuwa naogopa." Akatafuta kiti, akakaa, akakunja mikono ya shati, akailaza mikono yake juu ya meza, viganja juu. "Lete ule uzi wako. Anza na wa kushoto."